Salamu za Nyuma ya Ukuta

Wadogo zangu mliobaki kwenye chumba cha masikio, nimewaachia funguo, birika linalovuja na dirisha lisilofungika, na bado mnanipigia simu. Juzi mmoja wenu kaniuliza lile sinia la vitu liko wapi. Liko juu ya kabati, nyuma ya maboksi ya glovu, palepale lilipokaa miaka yote huku mkipita chini yake. Basi nimeona niandike mara moja, msome, mniache nipalilie viazi vyangu hapa Ibighi. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyote viwili vilikuwa vifupi, havitoshi hata ukurasa.

Niliingia chumba kile nikitokea wodi ya wazazi. Kule kila mtu anapiga kelele, na mimi nilikuwa nawashinda wote. Ghafla nikapelekwa mahali ambapo hata kukohoa ni kosa. Aliyenipokea ni Bwana Masanja, mpima usikivu, mtu wa Shinyanga aliyehamishiwa huku kwenye baridi yetu na hakuwahi kutusamehe. Alivaa sweta juu ya sweta, na koti jeupe juu ya yote, mpaka mikono ikawa haikunjiki vizuri. Nilitarajia siku ya kwanza anifundishe mashine. Akanivutia kiti.

"Sista, kaa hapo usikilize bati," akasema. "Hapa bosi si daktari. Bosi ni bati. Likianza kuongea, sisi tunanyamaza."

Na mnaijua mvua ya Tukuyu, haina adabu wala haipigi hodi. Umeshamvalisha mtu visikilizio, unaanza kumpelekea milio midogo midogo, mara bati linanguruma, kipimo kimekufa. Tunakaa na wagonjwa tunakunywa chai hadi ipite. Lakini Masanja hakuwa anapumzika. Aliniambia niwatazame watu nyuso. Anayesikia hukunja uso mvua inapoanza, hupaza sauti, hulalamika. Asiyesikia hutulia na kikombe chake, hana habari na dunia. "Umemwona yule mama wa kilemba cha kijani?" ananinong'oneza. "Yule tumeshampima."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: kimulimuli cha kuchungulia tundu la sikio, uma wa chuma unaogongwa ukalia, na mashine ya milio. Kwa kimulimuli nimeona mengi. Nimeona punje za mahindi, vichwa vya njiti za kiberiti, na siku moja mende mzima aliyenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila kubisha.

Ila kazi yenyewe haikuwa milio, ilikuwa maneno. Watu wengi huja wakisema, "Nasikia, ila sielewi," na ndugu zao wanadhani ni ukaidi. Si ukaidi. Sauti nene kama aa na oo hubaki sikioni muda mrefu. Zile nyembamba, sss na fff na shhh, ndizo zinazoaga kwanza, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Mtu anabaki anasikia mtu anaongea, kama redio ya jirani, lakini hajui anaongea nini.

Tulipewa karatasi ya maneno ya kupimia. Unaficha mdomo kwa kitambaa ili mgonjwa asikusome midomo, unasema neno, naye analirudia. Siku moja Masanja alisoma "rangi", lakini kwa ulimi wake wa Shinyanga likatoka "langi". Bibi mmoja wa Lupepo akajibu "langi", kwa ulimi wetu wa huku, ambao nao herufi ya r hatujawahi kuikaribisha. Karatasi inasema rangi. Masanja akashusha kitambaa taratibu.

"Sista, mimi nimesema langi. Bibi kasema langi. Sasa hapa kiziwi ni nani, karatasi?"

Tulicheka mpaka bibi naye akacheka, bila kusikia tunachekea nini. Ndipo sinia lilipozaliwa. Badala ya kumwambia mtu arudie neno, tulimwekea vitu mbele yake, kisu, kijiko, sabuni, ufunguo, kiatu cha mtoto, kikombe, yai na ndizi, halafu tunataja kimoja yeye anakishika. Wazee tuliwatajia kwa Kinyakyusa, lugha waliyonyonyea. Ulimi wa mtu haukupimwa tena, lilipimwa sikio. Yai lilikuwa bichi mpaka Masanja alipolisukuma kwa lile rundo la masweta yake, ndipo tukachonga la mti. Ndizi ililiwa na wagonjwa kila wiki, na sikuwahi kumpata mhusika.

Jingine, unyevu. Mashine ya sikio na ukungu wa Rungwe hawapatani. Waambieni watu kila jioni waitoe, betri pembeni, waiweke kwenye kopo lenye mchele mkavu na kifuniko kikaze. Na waambieni waandike juu ya kopo kwamba mchele huo si wa kula. Nina sababu. Kuna nyumba mjukuu alipika pilau, na babu akaletewa mashine yake kwenye sahani, imeiva.

Masanja alistaafu akarudi kwenye jua lake. Aliniachia sinia na sweta moja. Na ndipo, nikiwa peke yangu chumbani, akaja Mzee Ambokile.

Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kutoka Masoko, mrefu, mwenye fimbo ya mti mweusi na ulimi wa kuchokoza. Alisindikizwa na mkwe wake, Tupokigwe, mke wa mwanawe wa kiume, Lwitiko, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani anapita kama mgeni. Tupo alimfikisha mzee mlangoni akaenda kukaa benchi la nje. Mkewe mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akazikwa pale pale nyumbani, kwenye migomba.

Nilimpima. Bila mashine, kwenye sinia alibahatisha. Kwa mashine ya sikio niliyomvalisha, mdomo wangu ukiwa umefichwa, alipata kama nusu. Nikishusha kitambaa akiniona usoni, karibu vyote. Hiyo ni kawaida, macho husaidia masikio. Nikamwambia neno ambalo nanyi mnawaambia watu kila siku: "Mzee, anayeongea nawe akae mbele yako, uso kwa uso."

"Sawa, sista," akasema.

Nikatoka benchini nikamwambia Tupo vilevile. Akatazama chini. "Sawa, sista."

Sisi watu wa huku jamani! Heshima yetu ni kusema sawa. Ukimwambia mtu aruke mpaka mwezini, atakwambia sawa, asante, halafu ataenda zake nyumbani kupika.

Baada ya muda wakarudi. Mashine nzima, betri mpya, kopo la mchele wanalo. Mzee kwenye sinia, akiniona usoni, hana shida. Nikamuuliza basi kilichomleta.

"Hapa nakusikia, sista. Nyumbani hakuna wa kumsikia," akasema, na utani ulikuwa umemtoka usoni. "Yule mkwe hanisemeshi. Tangu mke wangu azikwe, hajanisalimia hata asubuhi moja. Anaweka uji anaondoka, kama anamwekea mbwa. Binti yangu Sekela, yule wa Dar, kasikia. Anasema kahawa ikishavunwa anakuja kunichukua. Mimi nikaishi Mbagala kwenye joto lile? Nani atakaa na mama yao pale migombani?"

Nikatoka nje. Tupo alikuwa amejiinamia, anazungushia kitenge kidoleni.

"Sista, namsalimu kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi, haki ya Mungu. Haniitikii. Sijui nimemkosea nini. Na akiondoka, Masoko nzima itasema nimemfukuza baba mkwe kwenye nyumba yake." Machozi yakamtoka waziwazi. Nilimpa kile kitambaa cha kufichia mdomo.

Mmoja anaapa hasalimiwi, mwingine anaapa anasalimu. Nilifikiri labda nyumbani mzee anazima mashine kubana betri, wapo wengi wa hivyo. Nikachukua sinia langu, siku ya mapumziko, nikaenda Masoko.

Nilifika asubuhi, mzee ameketi sebuleni kwenye kiti chake, mashine sikioni, taa yake inawaka. Tupo akaja na uji. Hakuingia. Alipiga magoti nje ya mlango wa jikoni, nyuma ya ukingo wa ukuta, uso ameugeuzia huko huko jikoni, akausukumiza uji kwa mkono mmoja ndani ya mlango. Kisha, kwa sauti ndogo kabisa, akauambia ukuta:

"Mugonile, tata."

Yaani umeamkaje, baba. Kaulizwa ukuta. Mzee alikuwa anatazama migomba yake dirishani. Tupo akasubiri. Akasubiri tena. Kisha akainuka akaondoka zake.

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso, likalia. Jamani, mimi si mgeni wa Rungwe! Niliolewa Lupepo. Nimeongea na baba mkwe wangu kwa kumpa mgongo mpaka tulipomzika, na hadi leo nikimkumbuka, namkumbuka kwa sauti, maana sura yake niliiona vizuri kwenye picha ya msiba. Mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, wengine wanakula meza moja na kupiga selfi, lakini kwa Mzee Ambokile hakuna kilicholegezwa. Na mimi ndiye niliyewaambia wakae uso kwa uso! Na wao, watu wa heshima, wakaniambia sawa.

Nikaelewa na jingine. Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa katikati. Tupo anamwambia mama, mama anamwambia mzee, usoni, kwa sauti ya mke aliyezoea. Kwa hiyo masikio ya mzee yaliisha kidogo kidogo na hakuna aliyejua, hata yeye. Walimzika mama, wakamzika na njia yao ya kuongea.

Niliwaeleza wote wawili, mmoja sebuleni, mwingine jikoni. Nikajaribu njia rahisi: je, haiwezekani wakatazamana kidogo tu, kwa ajili ya dawa?

Akainua fimbo. "Sista, unataka nimkodolee macho mke wa mwanangu? Masikio nitaacha. Heshima siachi."

Na huko jikoni Tupo akaitikia, "Siwezi, sista. Nitakufa."

Basi nikaona, wacha niache kushindana nao. Hospitalini nilikuwa natafuta kitambaa cha kuficha mdomo, na hapa nina ukuta mzima wa matofali. Sikio halifufuki, lakini mtu hufundishika upya kuzitambua sauti zilizobaki, akizirudia kila siku, na hasa za mtu mmoja anayeishi naye. Mwalimu nilikuwa naye pale, amepiga magoti.

Tukaanza. Kwanza, sauti ya Tupo ilikuwa ndogo mno, na kumpazia sauti baba mkwe ni matusi. Hatukuipaza. Tulimsogeza, mgongo wake ukaegemea ukingo wa mlango, akawa anasema polepole. Tukapanga kwamba ataita "Tata" kwanza, kisha asubiri. Mzee akiwa tayari, anagonga fimbo sakafuni mara moja, ndipo neno linakuja.

Pili, zile sauti sita mnazojaribia mashine kila asubuhi: aa, uu, ii, mm, shh, sss. Aa, uu na ii Tupo alizisema. Mm, akaguna kidogo kwa aibu. Tukafika shh. Kimya.

"Tupo, shh," nikamwambia.

"Sista, nimwambie baba mkwe *shh*?"

Sebuleni mzee anauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia hajasema chochote, na ndiyo shida yenyewe. Tulikwama hapo mpaka akapita kuku mwekundu anayedokoa unga. Tupo, bila kuwaza, akamfukuza: "Shhh!"

Fimbo ikagonga sakafu. "Hiyo nimeisikia!" mzee akapaza sauti. "Mfukuze tena!"

Tangu siku ile kuku yule alikuwa mtumishi wa afya. Alifungwa kamba mguuni kila asubuhi, akafukuzwa kwa shh na akaitwa kwa sss, mpaka akachanganyikiwa. Hakutaga wakati wote wa mafunzo na simlaumu.

Kisha sinia. Tupo anataja kutoka nyuma ya ukuta, mzee anashika. Wiki za mwanzo alikuwa ovyo, halafu ghafla akawa hodari mno, nikashtuka. Mtu hapandi ngazi kumi kwa usiku mmoja. Nikamchunguza. Kumbe Tupo akitaja sabuni, macho yangu mimi yanaiangalia sabuni, na yeye ananisoma mimi! Nikahamisha kiti nikakaa nyuma yake. Akakosea, akakasirika, akasema sista ana roho mbaya. Nikamwambia ndiyo, shika kijiko.

Nilipokuwa hospitalini waliendelea wenyewe. Sinia liliingiwa na vitu nisivyoviweka: parachichi, buni za kahawa, kikombe cha marehemu. Siku za mvua waliacha, bati lile lile. Siku nyingine mzee alisusa, akavua mashine akaiweka mfukoni. Tupo aliendelea kutaja vitu nyuma ya ukuta hadi alipochoka, kisha akalia kidogo, akaenda shamba. Nilijua haya kwa sababu aliniambia yeye, na sikuwa na la kumpoza zaidi ya kumwambia arudie kesho.

Jambo moja alilikataa katakata. Nilimwambia aingize salamu kwenye mazoezi, ndiyo neno wanalolihitaji kuliko yote. Akasema, "Hapana, sista. Salamu si zoezi. Nilishamsalimu sana. Sitamsalimu tena mpaka nijue anasikia." Na kweli asubuhi alileta uji kimya. Nilimwogopa yule binti siku ile, kwa jinsi alivyokuwa ameumia.

Kahawa ikavunwa. Sekela akaja, na begi jipya la magurudumu kwa ajili ya nguo za baba yake, ambalo kwenye tope la Masoko lilibidi libebwe kichwani. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na hofu yake ilikuwa ya haki. "Sista, nashukuru kwa sinia lako na kuku wako," akaniambia. "Lakini baba hawezi kuishi na mtu asiyeongea naye. Kesho asubuhi tunaondoka." Nikamwomba nami nije asubuhi hiyo, kumpa mzee betri za akiba za safari. Betri zilikuwa kisingizio, mnanijua.

Nilipofika begi lilikuwa mlangoni limefungwa. Mzee ameketi kwenye kiti chake na koti la safari, fimbo mapajani, anatazama migomba. Sekela anafunga kopo la mchele kwa mfuko wa nailoni. Mvua haikuwepo. Niliitazama mbingu nikaishukuru.

Tupo akaja na uji. Akapiga magoti nyuma ya ukingo, uso jikoni. Mkono wake ukasukuma bakuli ndani.

"Tata," akasema.

Sekela akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkanyaga mguu. Nisamehe, Sekela.

Mzee aligonga fimbo mara moja.

"Mugonile, tata."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama migomba.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Kwetu ndaga ni asante, na ndivyo salamu inavyoitikiwa.

Sekela akakaa juu ya begi. Mimi nililia wazi, kwani nani ananizuia, siku ya mapumziko?

"Mwulizeni," mzee akasema, kisha akajikatiza, kwa sababu sasa hakuhitaji mtu wa katikati. Akauambia ukuta mwenyewe. "Tupo. Hizo nyuma. Tangu mama azikwe. Ni asubuhi zipi ulinisalimu?"

"Zote, tata. Mpaka tulipoanza sinia."

Aligonga fimbo sakafuni. "Ndaga," akasema. Akagonga tena. "Ndaga." Akagonga tena, taratibu, kwa kila asubuhi moja fimbo moja na ndaga moja, bila kuruka, kama mtu anayelipa kwa mkono wake. Sekela alianza kufungua zipu ya begi. Jua likafika kwenye kizingiti, kuku mwekundu akaingia na hakuna aliyemfukuza, na mzee bado anaitikia.

Nyuma ya ukuta nikasikia Tupo anacheka na kulia pamoja.

"Tata," akasema, "uji unapoa."

"Nimesikia," akasema Mzee Ambokile, akagonga fimbo. "Ndaga."